Kuteka Wingu

Newala wingu tunalijua.
Mwezi wa saba linapanda kutoka bonde la Ruvuma bila viatu,
linaingia stoo, linalowesha chumvi na viberiti,
linakaa barazani mpaka saa nne, kisha huyo, limekwenda.
Halijawahi kuniomba namba ya siri.

Lile lingine ndilo lililonishinda.
Kila tarehe tano ujumbe: Hifadhi yako imejaa.
Lipia, au hatupokei tena.
Miaka sita nimelipa,
nikimega hela ya salfa,
nikimega hela ya fotokopi, mia mia,
ili picha zangu zilale nchi nisiyoijua,
kwenye bohari la chuma lenye baridi
ambamo hakuna hata mmoja anayeweza kutamka Chihangu.

Basi nikanunua diski. Masasi, elfu tisini na tano,
nyeusi, nene kama kipande cha sabuni ya mche.
Nnunduma, fundi simu wa stendi, akanicheka:
"Dada Somoe, dunia inapandisha, wewe unashusha?"
Nikamwambia, mama yangu alilea watoto saba
kwa maji ya kushukia bondeni, usiku,
mpaka baba alipochimba kisima cha mvua chini ya ua
akakifungia mlizamu wa bati.
Siku kilipojaa mara ya kwanza mama alichuchumaa pembeni.
Hakunywa. Alikitazama tu.
Nnunduma akanyamaza, akanipa waya.

Bando la usiku huanza saa sita.
Faili la kwanza kati ya elfu kumi na nne na ushei.
Tone. Tone.
Umeme ukakatika, nikaanza upya.
Ukakatika tena, nikalala na viatu.
Usiku wa tatu vikashuka vyote, shaghalabaghala,
kama watu wanaofika msibani kwa malori tofauti:
risiti za korosho za mnada wa pili,
barua ya kuomba kazi ambayo sikuipeleka,
"Wasifu mpya", "Wasifu mpya wa mwisho",
"Wasifu mpya wa mwisho kabisa",
picha kumi na tisa za kidole changu mwenyewe,
mbuzi wa Likapa, mbuzi yuleyule, mbuzi tena,
mkorosho wa mpakani wenye alama ya rangi nyekundu
(huu tutauhitaji, siku jirani akisahau),
na mama, kitandani Ndanda, anakataa kupigwa picha,
kiganja mbele ya uso.

Alfajiri nikafungua nihakiki.
Hapo ndipo nikaona: tarehe zote zimekuwa moja.
Harusi, risiti, mbuzi, matanga, vyote vya leo.
Mama amekataa picha leo, saa tisa na dakika nne usiku.
Na ile ya kaburi lake, udongo bado mbichi,
ni ya saa tisa na dakika tatu.
Imemtangulia.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.
Lile bohari lilitunza tarehe, hilo sitalinyima.
Mimi nilibeba maji nikasahau kubeba siku.
Nimechukua daftari la madeni, nimeligeuza nyuma,
naandika kwa mkono:
Mbuzi wa Likapa, mwaka ule bati lilipoezuliwa.
Kiganja cha mama, Jumanne, baada ya uji. Alikunywa nusu.
Nimefika mia mbili na nane.

Nakala ya pili iko kwa Likapa, Nanyamba,
ndani ya kopo la maziwa, imefukiwa kwenye mchele
unyevu usiifikie.
Nimemkanya asije akaupika.

Kule juu swali bado limesimama mlangoni:
Futa vyote? Havitarudi.
Kidole ninacho, kilekile cha picha kumi na tisa.
Nje wingu letu limelalia bati,
mlizamu unadondosha,
na kesho ni tarehe tano.